Madini Joto: Safari Ndefu ya Chumvi Hadi Itumba

Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje mkoani Songwe, iko katika nchi ya milima na mabonde, si mbali na mpaka wa Malawi. Mahindi yanastawi, maharage yanastawi, na mvua si ya kubahatisha. Chumvi ndiyo inayotoka mbali: kwenye mashamba ya chumvi ya pwani, au Uvinza, Kigoma. Ndani ya chumvi hiyo husafiri kitu ambacho ubongo wa mtoto unakihitaji kabla hata hajazaliwa, yaani iodini, ambayo Watanzania wengi huiita madini joto.

Mvua inayoneemesha shamba ndiyo inayoyaondoa madini hayo. Iodini huyeyuka kwenye maji, na kwa maelfu ya miaka mvua imeikamua kutoka kwenye udongo wa milima na kuishusha baharini. Mchicha ulioota hapo unaweza kunawiri na bado ukawa na iodini kidogo mno. Jicho halioni upungufu huo; shingo ndiyo inayousema. Tezi ya shingo, ambayo hutumia iodini kutengeneza homoni, huvimba ikihangaika kunasa kila chembe inayopita kwenye damu. Uvimbe huo ndio rovu, na Nyanda za Juu Kusini zilijulikana kwa rovu kwa miaka mingi.

Lakini madhara makubwa zaidi hayaonekani shingoni.

Kijusi cha wiki za mwanzo hakina tezi inayofanya kazi. Huanza kujitengenezea homoni karibu na wiki ya 12, tena kidogo kidogo. Kabla ya hapo, homoni inayosaidia seli za ubongo kuhamia mahali pake na kuungana hutoka kwa mama peke yake. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani hupendekeza mjamzito apate mikrogramu 250 za iodini kwa siku, ilhali mtu mzima mwingine hutosheka na 150. Akishazaliwa, mtoto huipokea kupitia maziwa ya mama.

Kuanzia mwaka 1986, Tanzania iligawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya zilizoelemewa na rovu. Dozi moja ilimkinga mtu kwa takriban miaka miwili. Ugawaji ulichelewa hapa na pale, kwa hiyo katika wilaya ileile wapo watoto ambao mama zao walipata kidonge kwa wakati na wengine ambao mama zao walikikosa. Mwaka 2009, Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walichapisha ulinganisho wa makundi hayo: waliokingwa tumboni walikuwa wamesoma zaidi kwa kati ya theluthi na nusu mwaka hivi, na faida ilikuwa kubwa kwa wasichana. Watafiti wengine waliozirudia hesabu hizo hawakuona faida iliyo thabiti kiasi hicho. Ubishi huo unahusu ukubwa wa faida shuleni; kwamba ubongo wa kijusi unahitaji iodini, hakuna anayebisha.

Chakula nacho kina neno lake. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti wa miaka ya 1960 walikuta rovu limejaa kaskazini na ni haba kusini-magharibi, ingawa iodini ilipungua pande zote mbili. Baadaye muhogo ulionyoshewa kidole: usipoandaliwa vizuri, sumu yake hugeuka mwilini kuwa kemikali inayoizuia tezi kuichukua iodini. Upungufu ulikuwa mmoja, lakini vyungu vilitofautiana.

Katika miaka ya 1990, kuweka madini joto kwenye chumvi kuliwekewa sheria nchini Tanzania. Viwanda vikubwa huchanganya kwa mashine. Wazalishaji wadogo wa pwani hunyunyiza kwa pampu za mkono, na hapo kiasi huweza kupungua au kuzidi. Hata chumvi iliyotiwa vizuri hupoteza iodini ikiachwa wazi juani au kwenye unyevu, ndiyo maana wataalamu wa lishe huhimiza chombo chenye mfuniko, na chumvi itiwe kwenye mboga inapokaribia kuiva.

Kuipima ni kazi ya sekunde chache. Mpimaji huweka chumvi kidogo kwenye kisahani, kisha hudondosha tone la dawa. Ikigeuka rangi ya samawati au zambarau, madini joto yamo. Ikibaki nyeupe, mjamzito aliyeinunua amepata ladha tu.