Kilango cha Paa kwa Nyumba za Mji Mkongwe

Wenye nyumba na wapangaji wa Mji Mkongwe wa Unguja wanakumbushwa kuyakagua mapaa yao kabla ya mvua za masika. Kuta za mawe na chokaa hudumu maadamu paa halivuji. Maji yakipenya, ncha za boriti zilizomo ukutani huoza, na sakafu ya juu huweza kuporomoka juu ya waliolala.

Vichochoro vyetu ni vyembamba. Ngazi ndefu ikisimamishwa nje huwa wima mno, na anayeipanda huweza kupinduka nayo. Njia salama ni kutokea ndani. Dirisha lililo karibu na ukingo wa paa halifai, kwani fundi akiteleza hana pa kujizuilia. Kilango cha juu ni bora, kwa masharti haya:

Kwanza, kiwe karibu na kilele, baina ya kenchi mbili, bila ya kuzikata.

Pili, kisipungue sentimita 60 kwa 75, fundi apite na zana zake.

Tatu, fremu yake iinuke sentimita 15 juu ya bati ili maji yasiingie, na kifuniko kiwe na kulabu, upepo usikibamize.

Nne, ngazi ya ndani ifungwe imara, na pete ya chuma itiwe kwenye kenchi kwa ajili ya kamba ya kujifungia.

Fundi akanyage penye safu za misumari, ambapo chini yake pana mbao, wala asipande bati likiwa limerowa.

Mji huu umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Hivyo kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kipatikane kabla ya bati kukatwa.