Nyota na Mwenzake Asiyeonekana

Mwezi wa Februari, yapata saa 3 usiku, toka nje utazame juu. Ukiwa Tarime au Mugumu, na mbingu haina mawingu, utaona nyota ing'aayo kuliko nyota zote, karibu na utosi wako, kidogo upande wa kusini. Nyota hiyo huitwa Sirius. Mwanga wake husafiri zaidi ya miaka 8 kabla ya kutufikia.

Sirius ina mwenzake, lakini macho yetu hayamwoni. Je, alijulikanaje?

Wanafunzi wawili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, washikane mikono na kuzunguka. Mtaona kwamba hata yule mkubwa hatulii mahali pamoja, kwa maana mdogo humvuta. Sasa fikirini kwamba ni usiku wa giza, na mkubwa amefungwa kurunzi kichwani. Aliye mbali ataona taa moja tu ikiyumba. Hamwoni mdogo, lakini atajua kuwa yupo.

Nyota nazo huvutana, ingawa hazina mikono. Friedrich Bessel, mtaalamu wa Ujerumani, alichunguza vipimo vya mahali pa Sirius vya miaka mingi, akagundua kwamba njia yake hupindapinda. Mwaka 1844 alieleza kwamba iko nyota isiyoonekana inayoivuta. Alifariki mwaka 1846 bila kuiona. Mwaka 1862 Alvan Graham Clark wa Marekani alikuwa akijaribu darubini mpya, akaona nukta hafifu kando ya Sirius. Bessel alikuwa amesema kweli.

Nukta hiyo ni nyota iliyozeeka. Zamani ilikuwa kubwa. Fueli yake ilipokwisha, ilipoteza tabaka zake za nje, kikabaki kiini chenye joto la digrii 25,000 hivi za sentigredi. Ukubwa wake ni kama wa Dunia, lakini uzito wake hukaribia ule wa Jua.

Siku hizi wataalamu hutafuta wenzi waliofichika wa nyota nyingine zilizozeeka zenye joto kali. Hutenganisha rangi za mwanga wa nyota. Nyota ikivutwa kuja kwetu, alama katika rangi hizo husogea kidogo upande wa buluu. Ikirudi nyuma, husogea upande wa nyekundu. Alama zikienda na kurudi daima, mwenzi yupo.

Maswali
1. Bessel alijuaje kwamba Sirius ina mwenzake?
2. Kwa nini nyota hiyo ndogo huivuta Sirius kwa nguvu?