Mti Uliosimama Juu ya Paa Lako

(MUZIKI WA KIPINDI. UNAPANDA, KISHA UNASHUKA CHINI YA SAUTI.)

MTANGAZAJI: Mpendwa msikilizaji, uwe Nyarugusu, Lusenda, Mahama au Nakivale, karibu tena katika kipindi chetu. Mvua zinakaribia. Wengi wenu mmeshakaza maturubai na kuchimba mifereji ya maji. Leo tunakuomba uinue macho, utazame mti uliosimama karibu na nyumba yako. Hapa studioni niko na fundi aliyefanya kazi ya kukata na kutunza miti kwa miaka mingi Gasenyi, Bujumbura. Kaka, karibu.

FUNDI: Asante, dada. Nawasalimu wote. Amahoro.

MTANGAZAJI: Kwa wasiopajua, Gasenyi ni wapi?

FUNDI: Ni kaskazini mwa Bujumbura, upande ambako milima inaanza kuinuka. Siku hizi watu wanapataja kwa sababu ya ikulu mpya iliyojengwa kwa msaada wa China, ikakabidhiwa mwaka 2019. Sisi mafundi tulipajua kwa mabonde yake na udongo unaokatika mvua ikinyesha. Usiku wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mvua kubwa iliipiga mitaa ya kaskazini mwa jiji. Makumi ya watu walikufa, na nyumba nyingi za rukarakara zilibomoka. Baada ya usiku ule, kila mwenye mti karibu na nyumba aliuogopa. Kazi zilikuwa nyingi kuliko mikono yetu.

MTANGAZAJI: Watu walitaka miti ing'olewe?

FUNDI: Wachache. Wengi walisema, "Kata kichwa, ubaki mfupi." Nasi tulikata, maana mwenye pesa ndiye anayeamua. Kuna mama mmoja, mparachichi wake uliinamia jiko. Tulipanda, tukaukata juu kama mtu anavyokata muwa, tukalipwa, tukaenda. Ulichipuka vizuri sana, hata akatushukuru. Msimu wa tatu, siku ya upepo, tawi moja kati ya yale mapya lilibanduka likavunja paa la jiko lote. Yeye alikuwa ameenda kuchota maji. Nilipoitwa kuondoa lile tawi, nilitazama pale lilipotoka nikaona kosa ni letu.

MTANGAZAJI: Tueleze. Kwa nini tawi jipya lianguke na lile la zamani lilikuwa limesimama?

FUNDI: Tawi lililoota lenyewe mti ukiwa mchanga lina mizizi yake ndani ya shina. Kila mwaka shina linanenepa na kulizungukia, linalishika kama kiganja kinavyoshika mpini wa jembe. Lakini ukikata kichwa, mti unaona njaa, kwa sababu majani ndiyo jiko lake. Unatoa machipukizi kwa haraka, mengi, kandokando ya kidonda. Hayo yameshikwa na tabaka la nje tu. Wakati huohuo maji yanaingia pale juu palipokatwa, mbao inaoza. Kwa hiyo unapata matawi marefu, mazito, yamesimama juu ya kitu kilichooza. Mparachichi ni mbaya zaidi kwa sababu mbao yake inavunjika upesi. Mwembe una nguvu kidogo. Mkaratusi nao, hata siku isiyo na upepo unaweza kudondosha tawi.

MTANGAZAJI: Basi tawi linalotisha likatwe vipi?

FUNDI: Kwa mikato mitatu. Usianze kukata karibu na shina. Nenda mbali kidogo, kama urefu wa mkono kutoka kiganja hadi kiwiko, ukate kwa chini kwanza, robo ya unene wa tawi. Halafu sogea mbele kidogo kuelekea ncha, ukate kwa juu mpaka tawi lianguke. Ule mkato wa chini unazuia gome lisichanike hadi kwenye shina. Umebaki na kipande kifupi. Hicho ndicho unakiondoa kwa mkato wa tatu.

MTANGAZAJI: Kikiwa sawasawa na shina, kisafishwe kabisa?

FUNDI: Hapana, dada, na hapo ndipo wengi tunaharibu. Tazama pale tawi linapokutana na shina, utaona uvimbe, kama shingo yenye mikunjo. Kata nje ya uvimbe huo, usiuguse. Huo ndio unaofunga kidonda. Ukiukata, kidonda hakifungi. Ukiacha kisiki kirefu, kinaoza na kupeleka uozo ndani. Kulikuwa na mtaalamu wa Idara ya Misitu ya Marekani, Alex Shigo, aliyepasua magogo maisha yake yote ili aone mti unafanya nini ukijeruhiwa. Alionyesha kwamba mti hauponi kama ngozi yetu. Unajenga kuta ndani, unaufungia uozo chumbani. Ndiyo maana kupaka udongo, oili au rangi juu ya kidonda hakusaidii. Sisi tulikuwa tunapaka oili chafu ya gari. Ilipendeza kwa macho ya mteja, basi.

(SAUTI: MSUMENO WA MKONO, KISHA TAWI LINAANGUKA.)

MTANGAZAJI: Msikilizaji kambini hana ruhusa ya kukata mti ovyo, wala hana msumeno. Yeye afanye nini?

FUNDI: Achunguze. Aende kwenye shina, atazame mambo haya. Je, mti umeanza kuinama karibuni, na udongo upande wa pili umepasuka au umeinuka? Huo usilale chini yake hata usiku mmoja. Je, kuna uyoga kwenye shina la chini? Mara nyingi huo ni uozo wa mizizi. Gonga kwa kipande cha mti usikilize kama pana sauti ya ngoma. Shimo peke yake si hukumu, kuna miti yenye mashimo inayosimama miaka mingi, lakini shimo pamoja na kuinama ni habari nyingine. Matawi makavu juu ya nyumba au mahali watoto wanapocheza, hayo yaondolewe kwanza.

Akishaona, aende kwa kiongozi wa bloku na shirika linaloshughulikia mazingira kambini, aonyeshe mti wenyewe. Kusema tu "mti unatutisha" hakutoshi. Sema, "Udongo umepasuka upande huu tangu juzi."

MTANGAZAJI: Na ile mifereji tunayochimba?

FUNDI: Nimefurahi umeuliza. Watu wanadhani mizizi inashuka chini kama msumari. Mingi iko juujuu, ndani ya udongo ambao jembe linaufikia, na inatambaa kupita hata kivuli cha matawi. Ukichimba mfereji au choo mita moja kutoka kwenye shina, umekata kamba zinazoushikilia mti upande huo. Utaanguka upande wa pili, na huenda upande wa pili ndiko unakolala. Sogeza mfereji.

Jambo jingine dogo: waya wa kuanikia nguo. Ukiufunga kuzunguka mti na kuusahau, unakata gome pande zote, na chakula kinachoteremka kutoka kwenye majani hakifiki kwenye mizizi. Mti unakufa taratibu, ukiwa umesimama juu ya paa lako. Mafiga ya moto yakikaa kwenye shina yanafanya vilevile.

MTANGAZAJI: Kuna vijana wanaotusikiliza ambao wangependa kazi hii.

FUNDI: Wakumbuke kwamba kupanda ni sehemu ndogo ya kazi. Kabla ya kupanda zunguka mti, tafuta nyuki, tafuta nyaya za umeme. Kule Bujumbura mti ukigusa waya, tulisubiri watu wa REGIDESO wazime, hata mwenye nyumba akikasirika. Usipande gome likiwa na maji. Weka mtu chini ambaye kazi yake ni moja, kuwafukuza watoto. Mpakani, usiguse mti kabla majirani wote wawili hawajasema ndiyo mbele ya nyumbakumi. Na mkubaliane mapema kuni ni za nani. Nimeona ugomvi mkubwa kwa matawi ya mwembe kuliko kwa malipo yenyewe.

MTANGAZAJI: Asante sana, kaka. Msikilizaji, kama kuna mti unaokutia wasiwasi, waambie viongozi wa kikundi chako cha usikilizaji watuletee maelezo yake: ni mti gani, umeinamia wapi, na umeona nini kwenye shina. Juma lijalo fundi atarudi kujibu, na atatueleza miche ya kupanda karibu na nyumba na ile ya kupanda mbali.

(MUZIKI WA KIPINDI. MWISHO.)