Imeisha au Bado? Biashara ya Hadithi Ndefu na Fupi Mwambao wa Tanga

Katika maduka ya kuweka filamu kwenye flashi mjini Tanga, kuanzia barabara za namba za Ngamiani hadi Makorora na Chumbageni, mteja wa anime, katuni za Kijapani, ana swali analolitanguliza kabla ya kuuliza bei: "Imeisha?" Akiambiwa imeisha, flashi inatoka mfukoni. Akiambiwa bado, hapo ndipo maneno yanapoanza. Yuko anayeguna na kuomba kitu kifupi, vipindi kumi na viwili au ishirini na sita, amalize wikendi. Yuko na anayechekelea, kwani anajua hatakosa la kutazama hadi mwakani.

Ubishi wa vijana juu ya kipi bora, One Piece isiyokoma au Death Note iliyofungwa kwa vipindi 37, una utamu wake na haujapata mshindi. Ila ukiufuata kwa upande wa pesa, unaona kwamba urefu wa hadithi hauamuliwi na mwandishi peke yake, wala na mtazamaji. Anayeuamua kwa kiasi kikubwa ni yule anayekusanya pesa, na namna anavyozikusanya: kwa wiki, kwa diski, kwa flashi, kwa mwezi wa king'amuzi au kwa ruzuku ya mfadhili.

Anzia dukani. Vifaa ni kompyuta ya mezani, diski za nje mbili tatu na mabango ya filamu yaliyofifia kwa jua. Mafolda yamepangwa kwa nchi: Korea, Uturuki, India, kisha zilizotafsiriwa, na mwisho kabisa folda iliyoandikwa Katuni, ambamo Naruto hukaa jirani na Tom and Jerry, jambo linalowakera mashabiki wa anime kuliko hata kupandishiwa bei. Kipindi kimoja cha anime cha dakika 24, kwa ubora wa picha unaotosha TV ya kawaida, hula takriban megabaiti 100. Death Note nzima haifiki gigabaiti nne. Sizoni ya kwanza ya Demon Slayer, vipindi 26, ni gigabaiti mbili na nusu au zaidi kidogo. Naruto ya mwanzo, vipindi 220, tayari haiingii kwenye flashi ya gigabaiti 16, na ile ya pili, Naruto Shippuden, ina vipindi 500. One Piece imepita vipindi 1,100: hiyo ni zaidi ya gigabaiti 110, mzigo unaotaka diski ya nje, si flashi ya kuning'iniza kwenye funguo.

Sasa bei. Maduka mengi hayauzi kwa gigabaiti. Yanauza kwa filamu au kwa sizoni, jero hapa, buku pale, kutegemea mtaa na mazoea. Utaratibu huu ulizoeleka kwa tamthilia za Kikorea, ambazo nyingi hukamilika kwa vipindi 16 au 20, na kila mtu anajua sizoni ni nini. One Piece inauvuruga. Haikugawanywa kwa namna ambayo mteja na muuzaji wanaweza kukubaliana kwa kutazamana tu. Mwenye duka mjanja huikata kwa visa: vipindi 61 vya mwanzo, vile vya bahari ya East Blue, anavihesabu kama sizoni moja, naye mteja mjanja zaidi anadai vipindi mia moja. Wanakutana katikati. Kwa muuzaji, mfululizo mfupi una faida kubwa kwa kila dakika ya kunakili, kwa maana mteja analipa bei ya sizoni kwa faili ndogo na kuondoka. Mfululizo mrefu unalipa kidogo kwa kila kipande, lakini unamrudisha mteja, na akirudi haendi na One Piece peke yake. Anamchukulia dada yake tamthilia ya Kituruki na baba yake filamu ya Kihindi. Wenye maduka wanaufahamu mchezo huu vizuri kuliko wanavyoufahamu mchoro wenyewe.

Ujanja wa kukata hadithi vipande si mgeni hapa. Wakati wa DVD, filamu za Bongo ziliuzwa kwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, diski mbili, malipo mawili, hata pale ambapo hadithi ingetosha dakika tisini. Wasambazaji wakubwa wa Dar es Salaam, Steps Entertainment wakiwemo, waliifanya kuwa desturi, na watazamaji wa enzi za Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, wanakumbuka jinsi sehemu ya kwanza ilivyokatika penye utamu. Mwendo wa muigizaji kutoka getini hadi sebuleni ulikuwa mrefu mno, na ulikuwa na sababu yake ya kibiashara. Mwaka 2013 serikali ilipoanza kubandika stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki, kila diski ilihitaji stempu yake. Wakati huohuo diski za magendo zenye filamu ishirini kwa moja zilikuwa zimeshajaa masoko, na mnunuzi aliyepata filamu ishirini kwa bei ya moja hakuona sababu ya kulipia sehemu ya pili.

Magazeti yalikuwa yameshafika huko mapema. Eric Shigongo na kampuni yake ya Global Publishers walijenga wasomaji wa kudumu kwa riwaya za mfululizo ndani ya magazeti kama Uwazi na Ijumaa, kila toleo likiishia pabaya ili la wiki ijayo linunuliwe. Hivyo ndivyo inavyofanya kazi Weekly Shonen Jump ya Tokyo, jarida la katuni ambalo mwishoni mwa 1994 lilichapisha nakala milioni 6.53 za toleo moja na ambalo ndilo lililoanzisha One Piece Julai 1997. Tofauti ni kwamba Jump huwauliza wasomaji kwa kadi za kura ni hadithi ipi inawapendeza, na ile inayoshuka hukatwa bila huruma, hata kama mchoraji alikuwa bado na la kusema. Hadithi ndefu za kule si ndefu kwa kuwa zilipangwa hivyo. Ni zile zilizonusurika.

Katuni za Kiswahili zilichagua njia nyingine kabisa. Jarida la Sani, lililoanzishwa na Saidi Bawji na Nico Ye Mbajo, lilikuwa na wahusika walioishi miaka na miaka, Madenge, Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi, Komredi Kipepe, lakini kila kisa kiliishia kwenye kurasa zake. Kabla yao Chakubanga wa Christian Gregory alifanya vivyo hivyo ndani ya gazeti la Uhuru. Msomaji wa Pangani au Muheza aliyekosa toleo lililopita, pengine kwa sababu halikufika, hakupoteza kitu. Kwa usambazaji wa siku zile, huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko mfululizo wowote.

Rudi Japani kidogo, maana chanzo cha mgawanyo wa mrefu na mfupi kiko kule. Anime ndefu za wiki hadi wiki, kama zile za kampuni ya Toei, ziliishi kwa nafasi ya kudumu kwenye televisheni, matangazo na mauzo ya vinyago. Kipindi lazima kiende hewani kila wiki, iwe hadithi ya kitabuni inayofuatwa imesogea au haijasogea. Ndiyo maana Naruto ya mwanzo ina vipindi zaidi ya 70 mfululizo, kuanzia cha 143 hadi cha 219, ambavyo havimo kitabuni. Vilibuniwa ili kumpisha mchoraji Masashi Kishimoto atangulie. Mashabiki wanaviita fila, na kwa kijana wa Mikanjuni anayelipia bando hizo ni gigabaiti saba hivi za hadithi anazoweza kuziruka. Maduka makini huziweka folda hizo kando. Mengine hayajali, na mteja hugundua akishafika nyumbani.

Mfumo wa mfululizo mfupi ulishika kasi tangu miaka ya tisini, kampuni kadhaa zikichangia mtaji na kugawana hatari: mchapishaji, studio, kampuni ya muziki, kituo cha TV. Wanatengeneza vipindi 12 au 13, robo mwaka moja, kisha wanatazama. Ikishindikana, hasara imegawanywa. Ikifaulu, wanarudi. Demon Slayer ilitumia njia hii. Kitabu chenyewe kiliisha Mei 2020 kikiwa na juzuu 23 tu, na filamu yake ya mwaka huohuo ikawa yenye mapato makubwa kuliko zote katika historia ya majumba ya sinema ya Japani. Kufikia 2023 soko la anime kwa jumla lilizidi yeni trilioni 3.3, na zaidi ya nusu ya fedha hizo zilitoka nje ya Japani.

Kutoka Ngamiani hakuna yeni iliyoingia kwenye hesabu hiyo, na ni vyema kulisema wazi. Nakala zinazouzwa zimepakuliwa, mara nyingi kutoka makundi ya Telegram, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haiachi shaka kwamba kunakili kazi ya mtu kwa biashara bila idhini yake ni kosa. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na Bodi ya Filamu huelekeza nguvu zaidi kwenye kazi za wasanii wa nyumbani, jambo linaloeleweka, maana wao ndio wanaopiga hodi ofisini. Huduma halali za mtandaoni zipo, lakini zinadai kadi ya benki na bando la kutosha, na mwanafunzi wa sekondari ana kimojawapo kwa nadra.

Pesa halali ya hadithi ndefu katika mwambao huu inapita kwenye king'amuzi. Tanga ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo kuzimiwa mitambo ya analojia, Januari 2013, mwezi mmoja baada ya Dar es Salaam, na Desemba ya mwaka huohuo Azam TV ikaingia sokoni. Mwenye king'amuzi analipa kwa mwezi, kwa hiyo kituo kinahitaji kitu kitakachomfanya alipe na mwezi ujao. Hapo ndipo tamthilia ya Kituruki ya Sultan, iliyowekewa sauti za Kiswahili, ilipofaa kuliko filamu yoyote. Kwao ina vipindi 139, vingi vikikaribia saa mbili; wauzaji wa nje huvikata vikawa vifupi zaidi, na idadi ikaongezeka maradufu bila kamera kuwashwa tena. Wachina walikuwa wameonesha njia: Mao Doudou na mama wakwe zake, vipindi 36 vya Kiswahili, ilioneshwa na TBC mwaka 2011 ikapendwa kiasi cha Rais Xi Jinping kuitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013.

Tamthilia za nyumbani zinathibitisha kanuni hiyo kwa pande zote mbili. Siri ya Mtungi, iliyopigwa kwa sehemu kubwa Bagamoyo na kuanza kuoneshwa 2012, ilikuwa fupi na picha zake zilipendeza, na ililipiwa na fedha za misaada ya Marekani kwa ajili ya ujumbe wa afya. Bajeti ilikuwa na mwisho, na hadithi ikawa na mwisho. Huba ya Maisha Magic Bongo, iliyoanza 2017, imelipiwa na wateja wa DStv, na imekwenda miaka mingi. Kwa ubora wa picha na uandishi wengi wangechagua Siri ya Mtungi; kwa ajira ya waigizaji, mafundi wa taa na mama lishe wa seti, Huba imelisha nyumba nyingi zaidi.

Kundi moja linalosahaulika ni watafsiri, wale ma-DJ wanaosimulia filamu juu ya sauti yake kwa Kiswahili cha mtaani. Lufufu ndiye aliyewatangulia wengi, na mwanaanthropolojia Mjerumani Matthias Krings aliielezea kazi yao kuwa ni kugeuza wali kuwa pilau. Ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, nchini Kenya, DJ Afro amejizolea umaarufu kwa kazi ya namna hiyohiyo. Mtafsiri ni mtu mmoja mwenye maikrofoni. Anaingiza sauti zote, anaeleza, anatania, anaweka majina ya mitaa ya Dar kwenye milima ya Hong Kong. Filamu moja ni kazi ya siku. Anime ndefu ni kazi ya kumzeesha: vipindi 1,100 vya dakika 24 ni saa 440, bila kuhesabu kurudia alipokosea. Na kabla hajafika katikati, mwingine ameshanakili alichokitoa. Ndiyo maana kwenye folda ya zilizotafsiriwa, anime zinazoonekana mara kwa mara ni filamu na mifululizo mifupi, na ndiyo maana wapenzi wa One Piece mwambaoni ni wale wanaosoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha, wengi wao vijana wa shule. Kina mama wanaofuatilia Uturuki kwa sauti ya Kiswahili hawajawahi kualikwa.

Hilo linaweza kubadilika kutokana na uamuzi uliofanywa mbali sana na Tanga. Oktoba 2025 Toei ilitangaza kwamba kuanzia 2026 One Piece haitakwenda tena kila wiki mwaka mzima. Itatoa vipindi visivyozidi 26 kwa mwaka, kwa mafungu mawili yenye mapumziko kati yake. Mfululizo mrefu kuliko wote kwenye folda unauzwa sasa kwa vipimo vya mfululizo mfupi. Vipindi 26 ni saa kumi na dakika chache za masimulizi, kiasi ambacho mtafsiri mmoja anakimudu kwa wiki mbili na kukitoa kabla fungu linalofuata halijafika. Na mwenye duka wa Ngamiani naye, kwa mara ya kwanza, atakuwa na kipande cha One Piece anachoweza kukiita sizoni bila mteja kubisha.