Warrior: yanayosemwa na yaliyomo

Warrior, filamu ya Gavin O'Connor, ilitoka mwaka 2011, na hadi leo haijanitoka moyoni. Kila nikiitaja, nasikia madai yaleyale.

Ni kisa cha watu halisi.
Si kweli. Ndugu Brendan na Tommy Conlon wametungwa: mkubwa ni mwalimu wa fizikia huko Philadelphia ambaye benki inataka kumnyang'anya nyumba, mdogo ni mwanajeshi aliyetoroka jeshini. Hata shindano la Sparta la Atlantic City, lenye wapiganaji 16 na zawadi ya dola milioni 5, halijawahi kuwapo.

Hakuna mwili unaohimili mapambano kadhaa usiku mmoja.
Si kweli. Novemba 1993, mjini Denver, Royce Gracie aliwashinda watu watatu usiku uleule katika shindano la kwanza la mapigano la UFC.

Ilijaza kumbi za sinema.
Si kweli. Iligharimu takriban dola milioni 25, na tiketi hazikurudisha hata hizo. Wengi wetu tuliikuta baadaye, nyumbani.

Ni filamu ya ngumi tu.
Si kweli kabisa, na hapa nitabisha hadi kesho. Pambano linaloniumiza kuliko yote halina refa. Paddy, baba yao, alikuwa mlevi aliyeisambaratisha familia. Sasa anakaribia siku elfu moja bila kugusa pombe. Nick Nolte alimwigiza kwa namna iliyompa uteuzi wa tuzo ya Oscar. Tommy anamtaka Paddy awe kocha wake, ila habari za ubaba hataki kuzisikia. Anamdhalilisha mzee mbele ya mashine za kamari. Kisha tunamkuta Paddy hotelini, kalewa chakari, kanda ya riwaya ya Moby-Dick masikioni, akimpigia kelele nahodha asimamishe meli. Na Tommy, yule yule mwenye ulimi wa wembe, anamlaza kitandani na kumkumbatia hadi atulie.

Mwishoni wote wanapatana.
Kweli nusu. Katika pambano la mwisho, kati ya ndugu hawa wawili, bega la Tommy limeteguka, naye haachi kupigana. Brendan anampiga kabari shingoni huku akimwomba radhi, akimwambia anampenda, na hapo ndipo Tommy anapogonga kwa mkono kuomba poo. Ndugu wanatoka ulingoni wameshikana. Paddy yuko palepale katikati ya umati, anawatazama wakipita. Hakuna anayemwita.