Kijana Anapofutwa Kikundini: Mwelekeo wa Kimapenzi na Mlango wa Huduma

Katika kata ya Katandala, kama ilivyo kwingineko katika Manispaa ya Sumbawanga, kijana huwa na mahali pengi pa kujiunga na wenzake: kwaya, timu ya mpira, skauti shuleni, au klabu ya vijana inayokutana chini ya uangalizi wa mhudumu wa afya. Tumchukue kijana wa mfano, mwenye umri wa miaka 17, aliye katika klabu ya namna hiyo. Uvumi unaenea kwamba anavutiwa na wavulana wenzake. Viongozi wanakaa kikao, na jina lake linafutwa daftarini. Je, wametenda sawa?

Mwelekeo wa kimapenzi ni mvuto ambao mtu huuhisi kwa watu wa jinsia fulani. Ni hisia, si tendo. Wala si maradhi, kwani Shirika la Afya Duniani liliuondoa ushoga katika orodha yake ya magonjwa mwaka 1990. Hauambukizwi kwa kuketi benchi moja na mtu wala kwa kuimba naye. Kwa hiyo dai kwamba kijana huyo “atawaambukiza” wenzake halina msingi wa kitabibu, ingawa kikaoni ndilo husemwa kwa uhakika kuliko yote.

Hoja ya kuwalinda watoto ni nzito zaidi, na mzazi anayeitoa astahili kusikilizwa. Hata hivyo, unyanyasaji wa kingono hutendwa na watu wa kila mwelekeo, na mara nyingi na mtu ambaye mtoto anamfahamu na kumwamini. Chama cha Skauti cha Marekani ni mfano mchungu. Kwa miaka mingi kiliwazuia mashoga, na mwaka 2000 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikakiruhusu kuendelea kufanya hivyo. Kilifungua mlango kwa vijana mwaka 2014, na kwa viongozi watu wazima mwaka 2015. Lakini kilipoomba kinga ya kufilisika mwaka 2020, watu zaidi ya 80,000 walijitokeza kudai kwamba walinyanyaswa kingono wakiwa watoto ndani ya chama hicho, wengi wao katika miongo ileile ya marufuku. Marufuku haikuwakinga. Kinachokinga ni kanuni zinazomhusu kila mtu: mtu mzima asibaki peke yake faraghani na mtoto, na malalamiko yafikishwe polisi na ustawi wa jamii bila kujali cheo cha mtuhumiwa.

Wapo watakaotaja sheria. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinaadhibu tendo, na adhabu yake ni kali. Hakimpi mwenyekiti wa klabu kazi ya kupeleleza moyo wa mtu. Nchini Kenya, ambako nako sheria inaadhibu tendo, Eric Gitari alikataliwa na bodi ya serikali kusajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji. Shauri lilipanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo tarehe 24 Februari 2023, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba haki ya kujumuika haiondolewi kwa sababu ya mwelekeo wa mtu. Uamuzi huo haulazimu mahakama zetu, lakini unatenganisha vizuri mambo mawili ambayo vikao vyetu huyachanganya.

Kwetu wahudumu wa afya lipo jambo la karibu zaidi. Februari 2017 Wizara ya Afya ilisimamisha huduma za UKIMWI kwa makundi haya katika vituo 40 vya asasi za kiraia, ikaelekeza zitolewe katika vituo vya umma. Tangu hapo, kwa kijana wa Ufipa, mlango uliobaki ni kituo kilekile ambacho klabu yake hukutania. Anayefutwa daftarini huona kwamba amefutwa na kliniki pia. Hatarudi kupima, na kama tayari anatumia dawa za kufubaza virusi, huenda akaziacha kwa hofu ya kuonekana dirishani. Aliyekuwa katika hatari ya kuambukizwa jana ana saa 72 tu za kuanza dawa za kinga, ambazo humezwa kwa siku 28. Saa hizo hazingoji uvumi utulie. Huzuni ya kukataliwa nayo huweza kuwa sonona, na sonona huua.

Basi viongozi wa klabu wakikuletea jina, usiliandike popote. Waeleze kwamba mwanachama huondolewa kwa kosa alilotenda, si kwa fununu. Kisha mtafute kijana mwenyewe, kwa sababu isiyomtia aibu mbele ya wenzake, mwingie chumba chenye mlango unaofungika. Usianze kwa kumuuliza anampenda nani. Muulize analalaje usiku, anakula, kuna aliyemtishia au kumpiga, na kama amewahi kufikiria kujidhuru. Akitaka kupima VVU, umri wa miaka 15 unatosha kisheria kuridhia mwenyewe. Akinyamaza, mpe tarehe ya kurudi, na siku hiyo uwepo.