Mbuzi wa babu na hati ya misheni

KATIKA familia moja ya Kiambu, hadithi hii husimuliwa kila mara watoto wanapouliza kwa nini shamba lao linaishia kwenye ua wa misheni.

Baba wa babu yao, wanasema, alitembelewa na padri mwanzoni mwa karne ya 20. Mgeni aliomba mahali pa kujenga kanisa na shule. Mzee akakubali, akapewa mbuzi na mablanketi, kisha akatia kidole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma.

Misimu michache baadaye alipeleka mifugo bondeni kunywa maji, akakuta ua wa waya. Aliambiwa bonde nalo limo katika karatasi. Akarudi na mbuzi ili akomboe shamba lake. Mbuzi wakakataliwa.

Kwa mila aliyoijua, mzee hakuwa amekosea. Ardhi ilikuwa mali ya mbari, yaani ukoo. Mgeni aliyepewa mahali pa kulima na kujenga aliitwa muhoi, naye hakuwa mwenye shamba. Hata aliyetoa shamba kwa mbuzi mara nyingi angeweza kurudisha mifugo na kulichukua tena. Padri naye alihesabu kwamba amenunua moja kwa moja.

Serikali ya kikoloni iliiamini karatasi. Sheria ya ardhi ya 1915 iliweka ardhi ya Waafrika chini ya Mfalme wa Uingereza, na mwaka 1921 mahakama ikaamua kwamba Wakikuyu walikuwa wapangaji tu wa Serikali. Ndipo Wakikuyu wakawa na msemo: "Gutiri muthungu na mubea", yaani hakuna tofauti kati ya mlowezi na padri.

Hasara haikuwa ya udongo peke yake. Misheni na walowezi walipanda kahawa, huku Waafrika wakizuiwa kuilima kwa miaka mingi.

Koo nyingi zilipeleka malalamiko mbele ya Tume ya Carter, iliyotoa ripoti yake mwaka 1934, lakini mashamba mengi hayakurudi. Baada ya Uhuru, mwenye hati ndiye aliyelindwa. Sheria ya Kenya humpa mdai wa ardhi miaka 12 kwenda kortini. Mwaka 2016 Tume ya Taifa ya Ardhi ilipewa nafasi ya kupokea madai ya dhuluma za kihistoria, kwa miaka mitano tu.

Kwa mkulima wa leo, funzo ni hili: neno la mdomo halimlindi mtu. Mkataba wa kuuza au kukodisha shamba uandikwe, utiwe sahihi na pande zote mbele ya shahidi. Usomwe kwa lugha unayoielewa. Mipaka ipimwe kabla ya pesa kupokewa. Anayenunua aangalie kwanza rekodi katika ofisi ya ardhi, na kwa shamba la kilimo atafute idhini ya bodi ya ardhi. Mke au mume naye ashirikishwe.

Familia hiyo haikusahau. Mfanyabiashara jirani alipoomba kukodi robo ekari ya kuweka kitalu cha miche, mama mkongwe wa boma hakuuliza kwanza bei. Aliuliza:

"Karatasi inasema mpaka ni wapi, na shamba linarudi lini?"